Mchinjaji Aliyenunua Mashine ya Mtumba

Machinjioni walimwita Kimya, na wala hakuwa bubu. Sauti alikuwa nayo, tena ya kutikisa mabati, ila aliiweka akiba kwa siku ambazo fahali alikata kamba. Siku hizo alipiga ukelele mmoja tu, "Simameni!" na watu wote, wenye ndoo na wenye visu na wenye mikokoteni, waliganda walipo, maana fahali aliyepandwa na wazimu humfuata anayekimbia. Siku nyingine zote alifanya kazi mdomo umefungwa. Alishika kichwa, akapitisha kisu, akaenda kwa anayefuata.

Hakuwa mtu wa moyo mwepesi. Baba yake alikuwa mchinjaji, na babu yake pia. Lakini mwaka mmoja fahali alimbana mchinjaji mwenzake ukutani, pembe ikamwingia chini ya mbavu, na Kimya ndiye aliyeketi sakafuni amemlaza yule bwana mapajani hadi pumzi ya mwisho. Pumzi hiyo ilitoka na mlio. Kimya aliujua mlio ule. Aliusikia kila alfajiri kutoka kwenye koo alizozikata mwenyewe, na hakuwahi kudhani kwamba binadamu naye anao.

Tangu hapo kazi ilimtumbukia nyongo. Alioga kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikapasuka, na bado alijinusa. Siku moja wakila, binti yake mdogo alimuuliza, kama mtoto anayeuliza saa, "Baba, leo umeua wangapi?" Kaka zake wakacheka. Kimya akaweka kijiko chini na hakukiinua tena.

Kilichompa njia ya kutokea ni kulabu. Pale machinjioni kulabu na reli za kuning'inizia nyama zililiwa na kutu kila mara, na fundi wa kuchomelea aliyeitwa kuzitengeneza alikuwa mtu mnene asiyependa kuinama. Kila palipohitaji kuinama alimkabidhi Kimya holda ya kushikia rodi na kofia ya kukinga macho. "Gusa chuma kama unawasha kiberiti," alimwambia. "Kisha nenda mwendo wa konokono. Mkono wako hautetemeki, wewe ni fundi tayari, hujajijua tu." Kimya alipenda ule moto. Alipenda kukuta vipande viwili asubuhi na kuacha kimoja jioni.

Akamwambia mkewe, "Mama watoto, nataka mashine ya kuchomelea. Niiweke hapa uani. Nianze na vibanda vya kuku, vitanda, grili za madirisha. Mambo yakishika, naaga machinjio."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mguu wake ulikuwa haujawahi kusimama kwenye pedali kwa ajili ya maneno ya mume. Siku hiyo ulisimama.

"Mpya au ya mtumba?"

"Hapo ndipo nilipokwama."

"Mimi sijakwama. Cherehani hii niliitoa dukani ikiwa kwenye boksi lake, na mpaka leo haijanitia aibu. Kitu cha mtumba hujui kimetoka kwenye kilio cha nani."

Lakini kaka yake huyo mama, fundi umeme mwenye mdomo usio na breki, alikuwa na mawazo mengine. Walikwenda wote wawili, Kimya na shemeji yake, kwanza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alizipanga mbele yao mashine ndogo nyepesi, za kubebwa kwa mkono mmoja kama birika. Alieleza kwamba hizi hazili umeme mwingi, nyumba ya kawaida inazimudu, si kama zile kubwa za zamani zenye mzigo wa shaba tumboni, ambazo ukiziwasha taa za mtaa mzima zinafumba macho. Ikiharibika ndani ya mwaka, unairudisha. Kimya aliinua moja, akaigeuza, akaipenda. Alipoulizia bei, akairudisha kaunta taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Twende," shemeji akanong'ona. "Mashine ileile kule kwenye vyuma chakavu utaipata kwa theluthi ya hiyo. Kazi ya kukagua niachie mimi."

Kwenye uwanja wa vyuma chakavu waliona mashine za kila aina. Moja shemeji aliifungua kifuniko, akanusa, akasema, "Koili imeshaungua, nusa, kama ugali uliokwama chini ya sufuria." Nyingine waya wake ulikuwa umechubuka mpaka shaba ikaonekana. Ya tatu ilikuwa transfoma kuukuu ya kuinuliwa na wanaume wanne, na shemeji akasema hiyo Kimya akiiwasha kwake ataunguza mita na majirani watamfukuza.

Ndipo akatokea kijana mrefu, mwembamba kama fito, shingo ndefu, meno ya mbele yameachana. Wengine pale walimwita Mwanya. Alikuwa na mashine nyekundu ndogo, mfano wa zile za dukani, ndani ya gunia. "Ya mjomba wangu," alisema. "Amezeeka, macho yamekwisha." Mpini wake ulikuwa umezungushiwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, umefungwa kwa fundo nadhifu. Shemeji aliijaribu kwenye kipande cha bati nene. Moto ulishika mara ya kwanza, ukaimba sawasawa bila kukohoa, na feni ilizunguka bila kelele.

"Hii ni mali," shemeji alisema. "Kamata."

Kimya aliinama kuangalia mpini. Kwenye fundo la ule mpira palikuwa na alama ya kahawia, imekauka, imepasuka vipande vidogovidogo kama tope la kiangazi. Mtu mwingine angepita. Yeye alikuwa ameishi na rangi ile chini ya kucha zake tangu utotoni. Aliikwaruza kwa kidole gumba, akaitazama, na moyo ukamwambia neno moja wazi kabisa. Kisha akajiambia, ni kutu. Akainuka na kuchukua mashine.

Kwa majuma machache uani kwake paliwaka. Alitengeneza kibanda cha kuku cha jirani, kisha kitanda, kisha majirani wakaanza kuleta viti vilivyovunjika miguu. Alfajiri bado alikwenda machinjioni, lakini mchana alirudi nyumbani anakimbia. Binti yake mdogo alipewa ruhusa ya kuokota vipande vya rodi vilivyopoa, na mkewe, aliyekuwa amenuna juma zima kwa sababu ya neno mtumba, alianza kuleta chai uani bila kuombwa.

Jumamosi moja alikuja kijana mpana wa mabega kuulizia grili ya dirisha. Alizungumza vizuri, akataja vipimo, kisha macho yake yakaanguka kwenye mpini wa mashine na yakabaki hapo.

"Mashine nzuri," alisema. "Umeitoa wapi?"

"Kule kwenye vyuma chakavu."

"Ahaa." Kijana akatikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe. "Basi nitarudi."

Alirudi kweli, na hakurudi peke yake.

Kimya alisikia kwanza geti la mabati likianguka. Alivua kofia ya kukinga macho, na kabla hajaona vizuri kitu kizito kikamtua begani akapiga magoti. Uani palikuwa pamejaa watu. Wengine aliwajua, mmoja ndiye aliyetengenezewa kitanda. "Mwizi! Jambazi! Ndiye!" Yule kijana mpana alikuwa na kipande cha bomba la chuma. Kimya aliinua mkono wa kulia kukinga uso, bomba likashuka, na akausikia mfupa wake ukivunjika kama kuni kavu.

"Ulimpiga baba yangu kichwani kwa bomba! Sasa onja!"

Kimya alifungua mdomo aseme, teke likaufunga. Meno mawili yalimrukia kooni, akayatema na damu. Walimkanyaga mbavu, mgongo, vidole. Mtu alimpiga na kiti alichokuwa amekitengeneza asubuhi ileile, na kiungo hakikuachia. Alijikunja, na katikati ya maumivu akajikuta anafikiria ng'ombe, jinsi wanavyopindua macho kutafuta mwanya kati ya miguu ya watu, na hakuna.

Mkewe alitoka ndani akipiga mayowe, akajitupa juu yake. "Mume wangu hajaiba! Amenunua! Kaka yangu alikuwepo!" Mtu akamvuta kwa nywele, mwingine akampiga kofi la mdomo, midomo ikapasuka. Watoto walikuwa wamejazana mlangoni. Kimya aliwaona kwa jicho moja, la pili lilikuwa limeshafunga, na hilo ndilo lililomuuma kuliko bomba.

Kisha mtu akasema, "Tairi." Neno lilipita mdomo kwa mdomo, halafu tairi lenyewe likapita mkono kwa mkono juu ya vichwa. Walimvisha shingoni. Lilikuwa la pikipiki, likambana mabega. Alisikia harufu ya petroli kabla hajaiona chupa. Baridi yake ilimshukia kichwani na kumwingia kwenye vidonda, akapiga ukelele ambao mkewe aliuota miaka mingi baadaye.

"Nani ana kiberiti?"

Wakati watu wanapapasa mifuko, mwanamke mmoja alipenya kwa viwiko, hana kanga wala kiatu kimoja, anahema. Alikuwa dada wa yule kijana, binti wa fundi mzee aliyeibiwa mashine, ambaye watu walimwita Mzee Cheche. Alimshika kaka yake kola.

"Umemwangalia huyu?"

"Mashine ya baba iko hapa! Mpira wa baba huu hapa!"

"Nimekuuliza umemwangalia? Baba alisema nini? Mtu mrefu, mwembamba, shingo kama mbuni. Huyu ana shingo? Hebu nionyeshe shingo ya huyu!"

Watu wakamtazama Kimya. Alikuwa mfupi, mnene, kichwa kimekaa mabegani kama mtungi juu ya kata. Mwenye chupa akaificha nyuma ya mgongo. Mmoja akakumbuka ana mgonjwa nyumbani, mwingine akatazama jua, na taratibu uani pakaanza kupwaya. Waliomvisha tairi hawakumvua. Aliyemvua ni mkewe, midomo ingali inamtoka damu, na yule binti akamsaidia. Kijana mpana alibaki amesimama na bomba lake, kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa.

Hospitali walimfunga mkono plasta ngumu, wakamshona kichwa na nyusi. Polisi walikuja wakamhoji kitandani, wakamhoji na shemeji, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alijibu alichoulizwa tu. Mashine ilichukuliwa ikawe kielelezo.

Binti wa Mzee Cheche alikuja siku moja akiwa na machungwa. Alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Baba bado yu hai," alisema, "ila tangu juzi haongei tena. Mwizi alimkuta karakanani peke yake. Baba alikataa kuachia mpini, ndipo akampiga. Naomba uniambie aliyekuuzia ni nani."

Kimya alimweleza yote: gunia, meno yaliyoachana, habari ya mjomba. Mwanamke akadhani amemaliza. Lakini hakuwa amemaliza.

"Niliona damu," alisema. "Kwenye fundo la mpini. Mimi damu naijua. Nikajiambia ni kutu."

Binti alimenya chungwa moja mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Ungesema siku ile," alijibu, "baba alikuwa bado ana sauti. Angemtaja mwenyewe." Aliliweka chungwa mezani, lote, hakula kipande. "Lakini kaka yangu naye angeuliza kabla ya kupiga. Basi tumekuwa wengi kwenye dhambi hii."

Mzee Cheche alifariki kabla Kimya hajatoka hospitali.

Alikuwa nyumbani, mkono ungali kwenye plasta, yule kijana mpana alipotokea getini. Mkewe alimwona kwanza. Aliinuka kutoka kwenye cherehani na mkasi mkubwa mkononi.

"Rudi ulikotoka."

"Mama, nisikilize. Tumempata. Mwanya tunaye, kule nyuma ya vyuma chakavu. Watu wamemshika." Alimtazama Kimya juu ya bega la mwanamke. "Hatutaki kukosea tena. Nakuomba uje useme ni yeye."

"Mlikuja kumuua papa hapa," mkewe alisema, "leo mmekuja kumwazima?"

Kimya alikuwa ameshasimama. Alivaa viatu bila kufunga kamba. Na ukweli usemwe, hakwenda kwa sababu ya haki. Kila usiku alikuwa analala anasikia petroli ikimshukia, na kila akiamka alimwona Mwanya anacheka na meno yake yaliyoachana. Alitaka kumwona yule mtu akiwa chini.

Na chini ndipo alipomkuta. Mikono imefungwa kwa waya nyuma, shati limechanika, goti moja limevimba mpaka suruali imebana. Palikuwa na watu wengi kuliko waliokuja uani kwake. Mwanya aliinua uso, akamtambua, na macho yake yakatoka nje.

"Ndiye?" kijana mpana akauliza.

"Ndiye," Kimya akasema.

Neno lilikuwa halijakauka mdomoni walipomwangukia. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. Fimbo zikafuata, mateke, nondo. Kimya alisimama anatazama, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alifurahi. Kila teke lilikuwa tamu. Alisogea, naye akampiga moja la mbavuni, kwa nguvu zake zote, akasikia kitu ndani kikiachia.

Na pumzi ya Mwanya ikatoka na mlio.

Ulikuwa mdogo, lakini Kimya aliusikia juu ya kelele zote. Alimwona mwenzake wa machinjioni mapajani mwake, akawaona na ng'ombe wote wa maisha yake, na akajiona mwenyewe amelala uani, tairi shingoni, watoto mlangoni.

"SIMAMENI!"

Ilikuwa ile sauti ya fahali aliyekata kamba. Wengi hawakuwahi kuisikia, na wote wakaganda, mikono ikiwa hewani. Kimya aliingia katikati yao. Mmoja alikuwa na kisu kirefu cha kukatia mipira. Kimya akanyoosha mkono wake mzima. "Nipe hicho." Mtu akampa bila kujua kwa nini. Kimya akakipangusa kwenye suruali, upande huu, upande huu, kama alivyopangusa chake kila alfajiri, akamgeukia yule kijana mpana na kumwelekezea mpini.

"Mimi nimechinja tangu sijaota ndevu," alisema. Hakuwa anapiga kelele tena. "Hakuna hata mmoja niliyemuua kwa mateke. Mnataka afe? Haya, afe. Lakini afe kwa mkono wa mtu, si kwa mkono wa watu. Wewe. Aliyekufa ni baba yako, si baba yao. Njoo."

Kijana alikipokea kisu.

"Piga goti. Mshike nywele, mwinue kidevu. Hapana, mwangalie, usitazame pembeni. Unakata hapa, chini ya koo, mara moja, usisitesite. Damu itakurukia kifuani, ni ya moto, usishtuke. Ataendelea kukutazama kidogo. Halafu atatoa mlio. Mimi huo mlio nimelala nao miaka. Kuanzia leo utalala nao wewe."

Kijana alipiga goti. Alizishika nywele za Mwanya, akainua kichwa, akaweka makali shingoni. Uzi mwembamba wa damu ukateremka. Mwanya hakujitetea. Alikuwa analia kama mtoto, kamasi na damu vimechanganyika, na alichokisema kilisikika kwa walio karibu tu: "Kaka, sikukusudia afe. Alikataa kuachia. Mimi nilitaka mashine tu."

Kijana aliukaza mkono. Akabana meno. Kisha kisu kikamponyoka, akainuka nusu, akageuka, akatapika juu ya viatu vyake mwenyewe, huku anaita baba yake.

Ingekuwa ni hadithi ya kupendeza kusema kwamba watu walitubu. Hawakutubu. Wengine walikasirika kwa kunyimwa walichokuja kukiona, na jiwe moja likaruka kutoka nyuma, likampata Mwanya tayani. Taya likavunjika, likaning'inia. Kimya alijitupa juu yake na plasta yake, na mawe mawili yaliyofuata yakamtua yeye mgongoni. Aliwasikia wakimwita mwendawazimu. Alibaki hapo, uso kwa uso na mtu aliyekaribia kumfanya achomwe moto, harufu ya damu yao wote wawili puani, mpaka gari la polisi likafika na binti wa Mzee Cheche akiwa amesimama nyuma yake. Yeye ndiye aliyewafuata. Safari hii hakuwa amesubiri kuona kaka yake atafanya nini.

Mwanya alipona, akakiri, akafungwa miaka mingi. Wanasema taya lake lilishikana upande, na huwezi tena kuona meno yake akicheka, kama bado anacheka.

Mkono wa Kimya nao uliunga vibaya. Ulibaki umepinda kidogo chini ya kiwiko, hauna nguvu ya kushika kichwa cha fahali. Machinjioni walimuaga kwa mfuko wa nyama, akaugawa wote njiani kabla ya kufika nyumbani.

Kesi ilipokwisha, binti wa Mzee Cheche aliileta ile mashine nyekundu getini kwa mkokoteni. "Hii ilikuwa ya baba," alisema, "lakini kwetu hakuna anayeweza kuigusa. Umeilipia mara nyingi. Ichukue."

Kimya alimtazama mkewe.

"Dada yangu," mkewe alisema, "wewe ulimwokoa mume wangu, ukija nitakupikia kwa mikono hii. Lakini kitu hicho hakivuki kizingiti changu. Kauze, au kakizike."

Mashine mpya waliinunua baadaye, kwenye lile duka la kwanza, baada ya mama huyo kushona sare za shule msimu mzima. Shemeji ndiye aliyelibeba boksi kichwani, na njia nzima hakutoa ushauri. Kimya alijifunza upya kushika holda, kwa mkono wa kushoto. Mwanzoni mistari yake ilipinda kama njia ya mlevi. Alikuwa anakata kiungo na kukirudia, anakata na kukirudia, mpaka kikanyooka, na wateja wakarudi, hata yule wa kitanda, ambaye hakuwahi kutaja siku ile na hakuwahi tena kupunguziwa bei.

Na kijana mpana naye alianza kuja. Mara ya kwanza alisimama nje ya geti kutwa nzima, hathubutu kubisha. Kimya alimwita ndani, akamwambia ashike upande wa pili wa fremu ya mlango isiyumbe. Siku ya pili alikuja na rodi alizonunua mwenyewe. Ikawa kila anapopata nafasi anakuja, anashika chuma, anainua vizito ambavyo mkono wa Kimya hauwezi, na jioni anaondoka. Siku moja tu alisema, akiwa ameinama juu ya fremu, "Nakusikia wewe usiku. Si yule. Wewe, ule ukelele." Kimya akamjibu, "Kaza hapo, imelegea."

Kimya alikuwa amemsamehe, au alikuwa amechoka kutomsamehe. Mwenyewe hakujua tofauti yake. Mkewe alijua. Chai ilipokuwa tayari aliitoa uani kwenye sinia: kikombe cha mumewe, kikombe cha shemeji akiwepo, kikombe cha mteja hata kama ni mgeni wa siku hiyohiyo. Kijana mpana alisimama kando, mikono imejaa masizi, na sinia likampita. Hakulalamika, na Kimya hakuingilia. Alikuwa anakunywa nusu ya kikombe chake, anakiweka juu ya ukuta upande aliosimama kijana, kisha anavaa kofia yake ya kukinga macho na kuinama tena kazini, ili asione kama kimenywewa au la.